Karatasi Mbele ya Mdomo

Kabla ya somo la leo nazima kiyoyozi.
Ibra, mwezi wa tano, saa tano za asubuhi:
watoto ishirini na sita wananitazama
kama kwamba nimeziba falaji kwa mkono wangu.
"Mwalimu, tutakufa!" Huyo Wadha.
Hamfi. Herufi moja haiui mtu.
Ila upepo wa mashine hauna adabu,
hupeperusha karatasi ya ajuaye na ya asiyejua.

Haya, kila mtu na kipande chake cha karatasi laini,
kishikeni mbele ya mdomo, karibu, karibu zaidi,
kama mtu anayetaka kubusu akaona haya.
Semeni pen: karatasi iruke.
Semeni Ben (huyo ni mtu, si kalamu): karatasi itulie.

Midomo ishirini na sita.
Karatasi zote zimetulia.

Siwalaumu. Kiarabu chao kimeishi karne zote hizo
bila sauti hiyo, kama nyumba isiyo na ngazi
kwa kuwa haina ghorofa.
Dukani huomba bebsi, na hupewa,
na kiu hukatika vilevile.

Lakini jana usiku nilisahihisha insha ya Ghaith:
My grandmother brays five times a day.
Niliiweka chini kalamu nyekundu.
Nilicheka hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini,
nikashindwa kumweleza,
maana ingenibidi nimtoe bibi wa watu kwenye msala wake
nimfunge kamba ya punda shingoni.
Na kosa lenyewe ni mguu tu:
p huuteremsha, b huuinua.

Na bibi huyo namjua. Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete,
aliyekuja huku na masanduku mawili na mbuzi ya kukunia nazi.
Bandarini mpwa wake akamtafsiria afisa: ana mbuzi.
Nusu saa nzima wakamtafuta mnyama,
wakaulizia cheti cha daktari wa mifugo,
naye amekalia sanduku, mbuzi imo ndani, meno juu.

Ghaith Kiswahili chake hukiacha getini kwa skuli.
Bibi akija kumchukua, humjibu kwa Kiarabu, haraka, macho chini.
Nainama kwenye dawati lake, namnong'oneza:
"Bibi akikutuma dukani, akasema pata, unaleta bata?"
Masikio yake yanaiva.
"Bata ana mabawa," ananong'ona.
"Na pata?"
"Pata—"
karatasi inaruka.

Anaitazama kama iliyopulizwa na mtu mwingine.
"Umefanyaje?" Wadha keshageuka na kiti chake.
"Ya nyumbani," anasema. Basi. Haongezi.
Lakini anairudia: pata, pata, paka, pipa, papai,
jasho linamchuruzika, karatasi inacheza,
na nyuma yake mmoja, wawili, watano wanamfuata,
wanapata wasichokijua maana.

Ningeishia hapo. Badala yake nikaandika ubaoni sun, na son.
Wakanyanyua karatasi zao, majasiri sasa, wakapuliza:
jua na mtoto wa kiume wakatoka kwa pumzi moja.
"Sasa anayesikiliza atajuaje?" Wadha tena.
Nilikuwa na jibu la kitabuni. Sikulitoa.
"Angoje," nilisema. "Sentensi haijesha."
Nikawasha kiyoyozi. Karatasi zote zikaruka,
za p, za b, za kila mtu,
na darasa likapiga makofi kwa ubaridi, si kwangu.

Magharibi simu ikalia.
"Mwalimu, nasikia nalia kama punda mara tano kwa siku."
"Bi Shinuna, samahani, ni herufi tu—"
"Umempa ngapi?"
"Sita kwa kumi."
Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Muongezee moja. Nne kakosea.
Ile ya alfajiri, nikiinuka na magoti haya,
kaandika kweli."